Kujifunza Kifaransa kwenye usukani: Faida na mipaka yake

DEREVA wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kongo hukaa kwenye usukani kwa siku kadhaa. Akivuka mpaka wa Mpondwe na Kasindi, Kiswahili humwezesha kununua chakula na kuulizia njia, lakini lugha rasmi ya ofisi za serikali ni Kifaransa. Kwake yeye, na kwa mkazi wa Nairobi anayekwama katika msongamano wa magari kila asubuhi, saa za safari zaweza kuwa darasa.

Haja ya lugha hiyo imeongezeka. Mwaka wa 2021 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliidhinisha Kifaransa kitumike rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Mwaka wa 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga na jumuiya hiyo.

Kujifunza lugha kwa kusikiliza si jambo geni. Kampuni ya Linguaphone ilianza kazi hiyo jijini London mwaka wa 1901. Baadaye kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka wa 1963, iliingiza masomo garini. Leo masomo hayo hupatikana katika simu.

Mbinu inayojulikana sana ni ya mwanaisimu Mmarekani Paul Pimsleur (1927-1976). Katika makala yake ya mwaka wa 1967, alipendekeza neno jipya likumbushwe baada ya sekunde 5, kisha sekunde 25, dakika 2, dakika 10, saa 1, saa 5, siku 1 na kuendelea, kila muda ukirefuka kuliko uliotangulia. Faida humjia mwanafunzi anapojaribu kukumbuka na kutamka kwa sauti kabla ya kusikia jibu. Ndani ya gari hakuna wa kumcheka.

Matamshi

Hapa sikio hufunza kuliko kitabu. Neno "rue" ni barabara, na "roue" ni gurudumu. Irabu ya "roue" ni "u" ya Kiswahili. Ya "rue" hupatikana kwa kukunja midomo kama atamkaye "u" huku ulimi ukitamka "i". Sauti "r" ya Kifaransa nayo inakaribiana na "gh" katika neno "ghali".

Dereva ana sababu ya ziada ya kuwa makini. "Tout droit" ni kwenda moja kwa moja, lakini "à droite" ni kugeuka kulia. Anayepuuza "t" inayosikika mwishoni mwa "droite" huenda akapotea njia.

Mipaka

Sikio pekee halitoshi. "Il parle" (anazungumza) na "ils parlent" (wanazungumza) hutamkwa sawa, ingawa huandikwa tofauti. Anayetaka kusoma stakabadhi sharti afungue kitabu jioni, gari likiwa limeegeshwa.

Aidha, masomo mengi hufuata Kifaransa cha Ufaransa, ambako 70 ni "soixante-dix", yaani sitini na kumi, na 90 ni "quatre-vingt-dix", yaani ishirini mara nne na kumi. Nchini Kongo, Rwanda na Burundi, zilizotawaliwa na Ubelgiji, husikika "septante" na "nonante". Asiyejua hilo atatatizika akitajiwa bei.

Usalama

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakiongozwa na David Strayer, walipima mzigo ambao shughuli mbalimbali huitwika akili ya dereva. Redio iliongeza mzigo mdogo, kitabu cha kusikilizwa kikazidi redio, na mazungumzo ya simu yakazidi vyote viwili hata pale simu haikushikwa mkononi. Somo linalodai majibu basi si sawa na muziki.

Kwa hivyo, ni busara dereva achague somo kabla ya kuwasha gari, kwani sheria ya Kenya inamkataza kutumia simu ya mkononi akiendesha. Barabarani arudie aliyokwisha kujifunza. Mapya ayaache hadi atakapotulia. Mvua ikinyesha, au anapotaka kulipita gari jingine, azime sauti.

Vivyo hivyo mpakani. Uganda, kama Kenya, huendesha upande wa kushoto, ilhali Kongo huendesha upande wa kulia. Katika kilomita za kwanza baada ya Kasindi, Kifaransa na kingoje. Macho na akili viwe barabarani.