Trela ya pikapu: Makaratasi, beringi na namna ya kupakia

Nchini Kenya, trela si kipande cha gari linaloivuta. Kisheria inajitegemea: ina logibuku yake, na nambari yake huanza na herufi Z, huku pikapu iliyo mbele ikibaki na K yake. Usajili ni kwa NTSA. Ukinunua trela iliyochomelewa na fundi wa jua kali, uliza makaratasi kabla ya kutoa pesa. Bei huwa tamu, ila bila usajili hicho ni chuma cha kubaki shambani. Ya kubeba mizigo ya biashara hukaguliwa kila mwaka.

Beringi ndizo husahaulika hadi gurudumu lichomoke barabarani. Ukisimama njiani, sogeza mkono karibu na katikati ya kila gurudumu. Likiwa na joto kuliko wenzake, grisi imeisha au beringi inakufa. Ukibadilisha tairi, kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi.

Halafu mzigo. Zaidi kidogo ya nusu ya uzito ukae mbele ya ekseli. Ukirundika nyuma, trela itayumba ukiongeza kasi. Ikianza kuyumba, usikanyage breki ghafla. Toa mguu kwenye mafuta na ushike usukani bila kuukata.

Tairi nazo huzeeka zikiwa zimesimama juani. Angalia tarakimu 4 za mwisho baada ya DOT: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019.