Somo la Hesabu: Namba 31 na Ardhi ya Ngarenanyuki

Chukueni kalamu na karatasi. Leo twaisoma namba moja, nayo ni 31.

Jaribuni kuigawa. Kwa 2 hubaki 1, maana 31 ni witiri, si shufwa. Kwa 3 hubaki 1. Kwa 5 hubaki 1 tena. Hatuna haja ya kuendelea: 6 mara 6 ni 36, imekwisha kuipita 31. Namba kama hii, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, huitwa tasa. Eratosthenes, Myunani aliyekaa Alexandria, Misri, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alizipata kwa kuzichekecha: aliondoa mafungu ya 2, ya 3, ya 5, na kuendelea. Zilizobaki ndizo tasa.

Sasa twendeni Mlima Meru. Katika daftari za Serikali ya Kiingereza, ardhi ya Ngarenanyuki iliandikwa shamba namba 31 na shamba namba 328. Jaji Mark Wilson alikuwa ameshauri nchi ya kati ya Meru na Kilimanjaro wapewe walowezi wa Kizungu. Tarehe 17 Novemba 1951 Wameru wakaanza kuhamishwa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Je, shamba lile lilikuwa haligawanyiki kwa kuwa 31 ni tasa? Na lile la pili lilikuwa kubwa mara kumi kwa kuwa 328 ni zaidi ya mara kumi ya 31? Hasha! Namba hizo ni majina tu, hazikuhesabu kitu. Aliyeisoma daftari hakuona humo nyumba wala ndama.

Namba ya waliohamishwa ni nyingine. Husemwa 3,000, nayo yahesabu watu. Lakini itazameni inavyoishia kwa sifuri tatu: hiyo ni namba ya kukadiria. Aliyehesabu kichwa kwa kichwa ni nadra kupata sifuri tatu.

Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York, akisaidiwa na wakili Earle Seaton wa Bermuda, kuyaeleza haya mbele ya Umoja wa Mataifa. Wanachama walikuwa 60. Zaidi ya nusu ya 60 huanzia 31. Tasa wetu amerudi, kwa bahati tu! Ila jambo lile lilitaka theluthi mbili ya waliopiga kura. Waliowaunga mkono Wameru walikuwa wengi kuliko waliowapinga, lakini theluthi mbili haikutimia, na azimio likaanguka.

Kazi ya nyumbani. Andikeni namba zote toka 31 mpaka 40, mzichekeche, mpate zilizo tasa. Kisha semeni: kama wote 60 wangepiga kura, ni zipi kati ya hizo zingekuwa wingi wa kura, na bado zisiwatoshe Wameru?