Usimkimbie Mwenye Kifafa

Hapa Dodoma ukimtajia mtu Mirembe, atadhani unamwita mwendawazimu. Wenye kifafa nao wametiwa katika kapu hilo hilo. Nakiri kwamba utotoni nilimkimbia jirani aliyeanguka, nikiogopa povu lake.

Mwaka 1924, huko Jena, Ujerumani, daktari Hans Berger alinasa umeme hafifu wa ubongo wa binadamu, akauchora karatasini. Katika miaka ya 1930 michoro ya namna hiyo ilidhihirisha kwamba kifafa ni vurugu ya umeme huo, wala si pepo.

Lakini mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge, hakuwa na mashine hiyo. Alitazama makovu ya moto, akawasikiliza ndugu wa mgonjwa.

Hata leo, mtu mzima mwenye kifafa huweza kupimwa na mchoro ukatoka safi, maana mashine husoma muda mfupi tu, pengine ubongo umetulia. Hapo daktari humtegemea aliyeona anguko: lilianzaje, lilichukua muda gani.

Povu haliambukizi. Anayekimbia ndiye shahidi anayetafutwa.