Nyenje wa Kongwa

Kila mwaka ifikapo Novemba, kabla ya mvua za kwanza, nyenje huanza kulia kwenye migunga ya hapa Dodoma. Wanaolia ni madume, nao hufanya hivyo kuwaita majike. Kabla ya hapo mdudu huyu huwa amekaa ardhini miaka kadhaa, angali mchanga, akifyonza utomvu wa mizizi ya miti. Akishatoka na kujivua gamba, huishi majuma machache tu.

Mambo hayo sikuyajua nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Mwaka mmoja nyenje waliwasumbua wanachuo wakati wa mtihani, nami nikaamuru mgunga mkubwa uliokuwa karibu na darasa ung'olewe. Mtihani uliofuata ulifanyika kimya, nikajipongeza.

Aliyenifumbua macho ni mwanachuo mmoja katika somo la historia. Nilikuwa nikifundisha habari za Mradi wa Karanga, ambao serikali ya Uingereza iliuanzisha Kongwa mwaka 1947. Nilieleza kama ilivyo desturi: ekari zaidi ya milioni 3 zilizokusudiwa kulimwa, minyororo iliyovutwa na matingatinga kung'oa pori, udongo uliokauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haba, na hasara ya takribani pauni milioni 36 mradi ulipoachwa mwaka 1951.

Akauliza, "Mwalimu, katika hasara hiyo walihesabu nini?"

"Fedha," nikamjibu.

"Babu yangu ni mtu wa Kongwa. Yeye husema kwamba pori lilipong'olewa, nyenje hawakulia tena pale kwa miaka mingi."

Wenzake walicheka. Mimi niliukumbuka mgunga wangu.

Tumezoea kuisimulia historia ya mradi ule kwa hesabu za wenye fedha. Yule mzee alikuwa na hesabu yake, nayo ilikuwa sahihi: nyenje anapolia, chini yake pana mizizi iliyokaa miaka bila kuguswa. Tangu siku hiyo sikufundisha somo lile bila kulitaja neno lake.

Kabla ya kustaafu nilipanda mgunga mwingine mahali pale pale. Novemba iliyopita nilipita chuoni. Mkuu wa sasa alinilalamikia kwamba nyenje wanawasumbua wanachuo. Nikamwomba tukae kivulini kidogo, nimsimulie habari za Kongwa.