Nafasi za biashara Pwani: Faida kubwa imo katika kusindika, si katika kuuza ghafi

Eneo lililojulikana kama Mkoa wa Pwani sasa ni kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Mfumo wa mikoa ulifikia kikomo serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4.3 katika kaunti hizo.

Mtu akitajiwa biashara ya Pwani, aghalabu huwaza hoteli za ufuoni na Bandari ya Mombasa. Hizo ni nguzo kuu, lakini ndizo zinazohitaji mtaji mkubwa zaidi. Kwa mwananchi mwenye akiba ya kadiri, kwa chama cha ushirika au kwa kikundi cha vijana, nafasi pana zaidi imo mahali pasipotazamwa sana: kati ya shamba na soko, na kati ya chombo cha mvuvi na sahani ya mlaji. Kwa miaka mingi mali ya Pwani imeondoka ikiwa ghafi na kurudi ikiwa imefungwa katika pakiti kwa bei ya juu.

BANDARI NA UCHUKUZI

Bandari ya Mombasa haihudumii Kenya pekee. Shehena za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia hapo, na mwaka 2024 idadi ya makasha yaliyopitishwa ilivuka milioni mbili. Reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilianza kubeba abiria mwaka 2017 na mizigo mwaka uliofuata. Ingawa reli hiyo imerahisisha usafirishaji, wenye malori, gereji, maghala na mikahawa ya kando ya barabara kuu walilalamika kwamba mizigo iliwapita na kushushwa bara. Funzo ni kwamba biashara inayotegemea njia moja huyumba njia hiyo inapohamishwa.

Njia mpya nazo huleta mapya. Barabara ya Dongo Kundu, iliyokamilika mwaka 2024, inamwezesha mwenye mizigo kutoka Kwale kufika Miritini bila kungoja feri ya Likoni, na kando yake pametengwa eneo maalumu la kiuchumi. Katika Lamu, gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Taveta nayo ina kituo cha pamoja cha mpakani na Holili, Tanzania, ambacho huwafaa wauzaji wa ndizi, nafaka na mifugo.

UTALII: NEEMA INAYOTETEREKA

Pwani ina maeneo manne yaliyo katika orodha ya urithi wa dunia: Mji Mkongwe wa Lamu (2001), kaya za Wamijikenda (2008), Ngome ya Yesu (2011) na magofu ya Gedi (2024). Aidha, kuna fuo za Diani, Watamu na Malindi, pamoja na mbuga za Tsavo.

Hata hivyo, historia yatuonya. Ghasia za Likoni za 1997, shambulio la Kikambala la 2002, vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 na janga la korona la 2020, yote yaliwatisha wageni, na waliopoteza riziki kwanza walikuwa vibarua wa hoteli na wachuuzi wa ufuoni. Anayetaka kuuzia hoteli mboga, mayai, samaki au sabuni na afanye hivyo, lakini awe pia na wateja wa mtaani ambao hawatapanda ndege na kuondoka.

MNAZI, MKOROSHO NA MWEMBE

Hakuna mti unaoonyesha nafasi iliyopotea kama mnazi. Mkulima wa Kwale au Kilifi huuza dafu au nazi nzima kwa bei ya chini, na mara nyingi biashara huishia hapo. Ilhali tui hutoa mafuta ya kupikia na ya kujipaka, mbata hukamuliwa, makumbi hutoa nyuzi za kamba, mikeka na magodoro, vifuu huchomwa vikawa makaa, na makuti huezekea nyumba na hoteli. Mashine ya kukamua mafuta au ya kuchambua makumbi inaweza kumilikiwa na kikundi, mradi kuwe na umeme wa uhakika na nazi za kutosha mwaka mzima.

Korosho zina kisa kichungu zaidi. Kiwanda cha Kilifi kilichoanzishwa miaka ya 1970 kilikuwa tegemeo la wakulima hadi kilipofungwa miaka ya 1990. Baada ya hapo madalali walitawala soko, na korosho nyingi zikawa zinasafirishwa ng'ambo zikiwa na maganda. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje ya nchi ili ubanguaji ufanyike nchini. Marufuku pekee hayakutosha, kwa kuwa mikorosho mingi ilikuwa imezeeka na wanunuzi wakawa wachache. Kwa hiyo anayeingia katika biashara hii aanze na vitu viwili kwa pamoja: miche bora kwa wakulima na mashine ya kubangua. Kimoja bila kingine ni hasara.

Maembe nayo huoza chini ya miti wakati wa msimu, kisha msimu ukipita bei hupanda. Kuyakausha, kuyakamua maji yake au kutengeneza achari ni kazi isiyohitaji kiwanda kikubwa. Linalohitajika ni usafi, maji safi, na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), ambayo bila hiyo maduka makubwa hayatapokea bidhaa.

BAHARI

Wavuvi wengi wa Pwani hutumia mitumbwi, ngalawa na mashua, nao huvua karibu na miamba. Tatizo lao kubwa ni barafu na deni. Mvuvi asiye na mahali pa kuhifadhi samaki hulazimika kuuza papo hapo, na mara nyingi huuza kwa tajiri aliyemkopesha nyavu au mashine. Bei huwekwa na tajiri. Mwishoni mwa mnyororo huo yupo mama karanga, anayekaanga samaki na kuwauza jioni. Kikundi kinachoweza kuweka mtambo wa barafu na jokofu penye bandari ya wavuvi humpa mvuvi uwezo wa kungoja bei nzuri, nacho hupata faida yake.

Katika kijiji cha Kibuyuni, Kwale, wanawake hulima mwani baharini na wengine hutengeneza sabuni kutokana nao. Gazi, katika kaunti hiyo hiyo, ndiko ulikoanzishwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wanakijiji huhifadhi mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na mapato husaidia shule na maji. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, huwawezesha wakulima kufuga vipepeo na kuuza buu zao nchi za nje. Hapa utajiri unapatikana mti ukiwa bado umesimama.

MADINI NA VIWANDA VILIVYOFUNGWA

Taita Taveta ina vito, kikiwemo kito cha kijani cha tsavoraiti kilichopewa jina la Tsavo. Vingi huuzwa kabla ya kukatwa na kung'arishwa, na hapo ndipo fedha hupotea. Gongoni na Marereni, katika Kaunti ya Kilifi, huzalisha sehemu kubwa ya chumvi ya Kenya.

Kwale ilichimba titani kwa takriban miaka kumi hadi shughuli hizo zilipokoma mwishoni mwa 2024. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilikuwa kimefungwa mwaka 1988. Sheria ya Madini ya 2016 inasema asilimia 20 ya mrabaha iende kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii. Wakazi wanaopata fungu hilo wangefaa kulitumia kuanzisha kazi zitakazodumu mgodi ukishafungwa.

ARDHI: SWALI LA KWANZA

Mipango hii yote huweza kuvunjika kwa jambo moja: ardhi. Ukanda wa maili kumi ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, na sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye madai wayasajili. Wenyeji wengi hawakusajili, na vizazi vyao vikawa maskwota katika ardhi ya mababu. Hivyo basi, hatimiliki halali inaweza kuwepo juu ya shamba ambalo watu wamezikana kwa miaka mia.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mnunuzi achunguze rekodi katika ofisi ya ardhi, alitembelee shamba lenyewe, azungumze na wanaoishi hapo na wazee wa kijiji, na aajiri mpimaji aliyesajiliwa. Shamba la kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi. Asiye raia hukodishiwa tu kwa muda usiozidi miaka 99, kwa mujibu wa Kifungu cha 65 cha Katiba, na ardhi ya ufuoni ina masharti ya ziada kwake.

HATUA ZA KUANZA

Sajili jina la biashara au kampuni, pata nambari ya mlipa kodi, kisha leseni ya kaunti. Kwa kiwanda au hoteli, fanya tathmini ya athari za mazingira inayoidhinishwa na NEMA. Ikiwa mtaji ni mdogo, jiungeni katika chama cha ushirika, mkanunue mashine moja badala ya kila mtu kufungua kibanda chake. Anzeni na zao lililo karibu nanyi, hesabuni gharama ya umeme, maji na usafiri, na mtafute mnunuzi kabla ya mashine kufika. Mali bila daftari huisha bila habari.