Kutofautisha amri na data katika disasembli

Disasembli ni kazi ya kurudisha programu iliyo katika lugha ya mashine kwenye lugha ya asembli, ambayo binadamu anaweza kuisoma. Hufanywa, kwa mfano, pale programu ya zamani inapohitajiwa bado, lakini msimbo chanzo, yaani maandishi ya mtungaji wake, umepotea. Ugumu wake mkubwa ni kujua baiti zipi ni amri za kompyuta na zipi ni data tu, kama herufi, namba au picha.

Asili ya tatizo

Kompyuta nyingi hufuata mpango ulioelezwa na John von Neumann mwaka 1945: amri na data hukaa katika kumbukumbu moja, zote zikiwa namba. Baiti haina alama ya kuonyesha aina yake. Ni kama neno "kaa": likiwa peke yake, haijulikani kama ni la moto, ni wa baharini, au mtu anaambiwa aketi.

Kwa mfano, jina PEMBA katika msimbo wa ASCII ni baiti 80, 69, 77, 66 na 65. Prosesa ya Intel 8086, iliyotoka mwaka 1978, ikielekezwa hapo huziona kuwa amri 5 halali: PUSH AX, INC BP, DEC BP, INC DX na INC CX. Hakuna kosa linalojitokeza. Msomaji makini atashuku tu kwa sababu INC BP huongeza 1, kisha DEC BP huiondoa papo hapo. Ni nadra mtunga programu kuandika hivyo kwa makusudi.

Kosa la namna hii huenea. Amri za 8086 hazina urefu mmoja, hivyo baiti ya data ikidhaniwa kuwa mwanzo wa amri ndefu, humeza baiti za amri halisi zinazofuata.

Mbinu

Njia rahisi ni kusoma faili mfululizo toka mwanzo hadi mwisho, lakini hiyo hugeuza kila sentensi iliyomo kuwa amri. Njia bora ni kuanzia pale prosesa inapoanzia na kufuata kila mruko. Sehemu isiyofikiwa hushukiwa kuwa data. Katika faili za COM za MS-DOS mwanzo unajulikana: ni baiti ya kwanza, ambayo huwekwa kwenye anwani 256 ya eneo la programu. Udhaifu wake ni miruko inayochukua anwani kutoka kwenye jedwali, kwani amri zinazofikiwa hivyo huachwa nje.

Dalili nyingine husaidia. Maandishi yanayoonyeshwa kwa huduma namba 9 ya MS-DOS, kwa mfano, huishia na alama ya $.

Jedwali la anwani likidhaniwa kuwa namba za kawaida, orodha husomeka vizuri na programu ikiundwa upya bila badiliko hufanya kazi. Ikiongezwa amri moja tu, anwani husogea, jedwali hubaki lilivyokuwa, na programu huruka mahali pasipo pake.

Mipaka

Hakuna utaratibu unaoweza kutenganisha amri na data katika programu zote bila kukosea. Suala hili linahusiana na tatizo la kusimama ambalo Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kuwa halina suluhisho la jumla. Hata Ghidra, iliyotolewa kwa umma na Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani mwaka 2019, humwachia mtumiaji nafasi ya kusahihisha. Tena baiti moja inaweza kuwa vyote viwili: katika prosesa ya 6502, watunga programu wenye kumbukumbu finyu walitumia amri BIT kuficha baiti 2 zinazofuata, ilhali kwa anayezifikia kwa mruko baiti hizo ni amri kamili.