Shamba la Mjane katika Rwanda

Katika desturi ya kale ya Wanyarwanda, ardhi ilirithiwa na wana wa kiume. Mwanamke ndiye aliyeshika jembe, akapanda maharage, mtama na viazi vitamu; lakini shamba lilikuwa la mumewe. Binti aliyeachwa na mume akarudi kwao aliweza kupewa kipande cha kumlisha, kiitwacho ingarigari. Neno hilo lastahili kukumbukwa nasi walimu wa lugha, kwani ndani yake mna huruma, ingawa haki hamna.

Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, wajane kwa maelfu walibaki na watoto wa kulisha, na aghalabu ndugu wa marehemu waliyadai mashamba. Mwaka 1995 wajane 50 waliunda chama chao, AVEGA. Sheria ya Novemba 1999 ikampa binti urithi sawa na wa kaka yake; kisha ardhi ikaandikishwa, na hati zikabeba jina la mke pamoja na la mume. Walakini mke aliyetambuliwa ni yule ambaye ndoa yake iliandikwa serikalini. Aliyeolewa kwa desturi tu, nao walikuwa wengi vijijini, aliendelea kulima kwa hisani ya wakwe.